Mgonjwa na Mashahidi Wake Watatu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa darsa na chaki. Simu ya mkononi niliyo nayo ni mwanangu aliyeninunulia, na hata leo wanafunzi wangu hunicheka wakiniona naandika kwa kidole kimoja. Lakini hapana juma lipitalo ila katika simu hiyo huletewa picha ya mgonjwa. Mara ni mtoto mwenye tundu katika moyo, mara ni mama mwenye saratani, mara ni mzee ambaye figo zake zimekufa naye huenda kusafishwa damu kwa mashine kila juma. Chini ya picha pana nambari ya kupelekea pesa, na mwisho pana maneno haya: "Watumie na wengine upate thawabu."

Nami nilikuwa nikiwatumia wengine. Siku moja nilipokea picha ya mtoto mmoja wa mji wetu, amelala kitandani na mipira puani. Nikaingiwa na huruma, nikaipeleka kwa watu wote niwajuao, nikaongeza na maneno yangu ya kuwahimiza. Watu wakatoa. Miezi michache baadaye, tulipotoka katika hitima ya jirani, mama wa yule mtoto akaja kunisalimu. Nikamwuliza, "Mwana hajambo?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sheikh, mwanangu tulimzika kabla ya Ramadhani. Lakini picha yake bado yazunguka. Kila siku chache yanirudia mimi mwenyewe katika simu. Na ile nambari iliyo chini yake si yangu. Mwenyewe simjui."

Nikahesabu siku moyoni mwangu. Mimi niliituma picha ile baada ya Idi.

Sikumwibia mtu, wala sikusema uongo kwa kukusudia. Lakini watu walitoa kwa kuniamini mimi, si kwa kumjua yule mtoto. Walisema, "Kama Sheikh ameituma, basi ni kweli." Kumbe mimi nilitoa ushahidi wa jambo nisilolijua, nikaongeza na uchungu wa mama aliyefiwa. Tangu siku ile nimerudi vitabuni kutazama, je, waliotutangulia walimfanyia nini mgonjwa asiye na mali? Nani alikuwa akimwombea, nani akimshuhudia, na nani akiihifadhi pesa yake? Haya niliyoyaona ndiyo nitakayo kukueleza.

SIKU WALIYOKUJA WATU WA MUDHAR

Imamu Muslim amepokea kwa Jarir bin Abdillah (r.a.) kisa cha watu waliofika Madina mchana mmoja, miguu mitupu, nguo zao ni mablanketi ya sufi yaliyotobolewa shingoni, na panga zao mabegani. Wengi wao, bali wote, walikuwa wa kabila la Mudhar. Mtume (s.a.w.) alipoona jinsi walivyopatwa na dhiki, uso wake ulibadilika. Akaingia ndani, kisha akatoka, akamwamrisha Bilal aadhini, akaswalisha, akawahutubia watu. Akawataka kila mmoja atoe alichonacho, mwenye dinari dinari, mwenye nguo nguo, mwenye kibaba cha ngano au cha tende kibaba chake, hata nusu ya tende.

Akaja mtu wa Kiansari na mfuko mzito, mkono wake wakaribia kushindwa kuubeba. Watu wakafuatana nyuma yake, mpaka zikaonekana chungu mbili, moja ya chakula na moja ya nguo. Hapo uso wa Mtume (s.a.w.) uking'ara kwa furaha.

Angalia, ndugu yangu, mambo mawili katika kisa hiki. La kwanza, wale wenye shida hatusikii kwamba walisimama wakajieleza mbele ya watu. Aliyesema kwa niaba yao ni kiongozi wao, naye aliwaona kwa macho yake. La pili, waliotoa waliwaona pia. Shida ilikuwa mlangoni, na msaada ulikuwa mlangoni, na baina yake hapakuwa na mtu wa kati asiyejulikana. Basi asiseme mtu kwamba kukusanya mali hadharani kwa ajili ya mwenye dhiki ni jambo geni au la aibu. Limefanywa msikitini Madina.

WATU WATATU WENYE AKILI

Lakini yuko Sahaba mwingine, jina lake Qabisa bin Mukhariq (r.a.), naye alichukua deni ili apatanishe watu waliogombana. Likamlemea, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kuomba msaada. Mtume akamwambia akae mpaka sadaka zije, apewe. Kisha akamfundisha kwamba kuomba hakuhalaliki ila kwa watu wa namna tatu. Wa kwanza ni aliyejitwika deni la namna hiyo, huyo aombe mpaka alilipe, kisha aache. Wa pili ni aliyepatwa na balaa lililoangamiza mali yake, huyo aombe mpaka apate cha kumsimamisha. Wa tatu ni aliyepatwa na ufukara, mpaka wakasimama watu watatu wenye akili katika jamaa zake wakashuhudia kwamba kweli fulani amefukarika. Zaidi ya hao, kinacholiwa kwa kuomba ni haramu. Hadithi hii pia imo katika Sahihi ya Muslim.

Imamu Nawawi (r.h.), aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika sherehe yake kwamba wako wanavyuoni walioshikilia hesabu ya mashahidi watatu kwa dhahiri ya Hadithi, na jamhuri wakasema waadilifu wawili watosha kama katika ushahidi mwingine, na watatu ni bora. Wakasema pia kwamba jambo hili lamhusu yule aliyekuwa ajulikana kuwa na mali, kisha akadai imepotea.

Sisi hatutaki kuingia katika ikhtilafu hiyo. Twataka kutazama hekima yake. Mashahidi hawa hawakuwekwa ili kumdhalilisha fukara. Waliwekwa ili kumlinda. Kwani mwongo mmoja akifaulu, wakweli kumi wanaokuja nyuma yake hufungiwa milango. Na tazama tena: wametakiwa wawe "katika jamaa zake," yaani watu wanaomjua, wanaokaa naye, wanaojua jiko lake limezimika tangu lini. Hawakutakiwa wawe matajiri wala mashuhuri. Mtu mashuhuri asiyemjua mgonjwa si shahidi, na hapa ndipo nilipokosea mimi.

NYUMBA ZA WAGONJWA

Waislamu wa zamani hawakutosheka na kuchangiana tu. Walijiuliza, je, haiwezekani mgonjwa asilazimike kuomba kabisa?

Wanahistoria wametaja kwamba Khalifa al-Walid bin Abdil-Malik, aliyetawala Dameski kuanzia mwaka 86 mpaka 96 wa Hijra (705 mpaka 715), aliwapangia wenye ukoma posho na akawakataza kuomba watu, akampa kila kiwete mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Mwanahistoria Maqrizi amemtaja kuwa ndiye wa kwanza kujenga nyumba ya wagonjwa katika Uislamu, mwaka 88. Nyumba hizo ziliitwa bimaristani, neno la Kiajemi lenye maana ya mahali pa mgonjwa.

Mwaka 1154 Sultani Nur al-Din alipoishika Dameski akajenga bimaristani iliyobeba jina lake. Zaidi ya miaka mia baadaye, amiri mmoja aitwaye Qalawun aliugua akiwa Dameski, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika bimaristani hiyo, akapona. Akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimpa ufalme atajenga mfano wake. Akapewa ufalme wa Misri, akaitimiza nadhiri yake Kairo mwaka 683 wa Hijra (1284).

Wakfu wa bimaristani ile ya Qalawun ni jambo la kuzingatiwa. Aliwakifu majengo na maduka ili kodi zake ziitunze. Akaweka sharti kwamba waingie wanaume na wanawake, matajiri na mafukara, wenyeji na wageni. Waliolazwa walikaa mpaka wapone. Aliyepona alipewa nguo, na aliyekufa alikafiniwa na kuzikwa kwa mali ya wakfu. Na likaongezwa sharti ambalo limenigusa sana: fukara aliye mgonjwa nyumbani kwake, hakuja, msimamizi wa wakfu ampelekee dawa na mahitaji huko huko aliko.

Kwa nini huko huko aliko? Kwa sababu wako watu ambao Mwenyezi Mungu amewasifu katika Suratul Baqara, ambao asiyewajua huwadhania kuwa ni matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, wala hawawang'ang'anii watu kwa kuomba. Mtu huyo hatapiga picha kitanda chake. Atakufa kimya kimya huku majirani wasema, "Hatukujua." Wakfu wa Qalawun ulimtafuta mtu huyo. Picha zetu za simu hazimtafuti. Zamleta kwetu yule tu anayeweza kujitangaza.

PWANI YETU NA MCHANGO

Huku kwetu pwani, wakfu pia tunao tangu zamani, mashamba ya minazi, nyumba, visima na makaburi. Kenya ilipata sheria ya Tume ya Wakfu mwaka 1900, na sheria mpya ya wakfu ikapitishwa mwaka 2022. Lakini ukitazama wakfu zetu nyingi utaona ni za misikiti na za jamaa wa mwenye mali. Za wagonjwa ni chache. Huko Unguja, mfanyabiashara Tharia Topan alianza mwaka 1887 kujenga jumba kubwa karibu na bandari kwa nia ya kutibia watu. Akafariki mwaka 1891 kabla halijamalizika, na likamalizika 1894. Jumba hilo bado lipo, na watu walijua kwa jina la zahanati.

Kwa sehemu kubwa, mgonjwa wa pwani alibebwa na mchango. Mtu akiugua, jamaa zake hukutana barazani wakahesabiana. Yakiwashinda, mzee wa mtaa humwendea imamu, na imamu husimama baada ya swala ya Ijumaa akasema, "Ndugu zangu, fulani bin fulani wa mtaa huu mwamjua." Hutandikwa nguo mlangoni, kila mtu huweka alichojaaliwa, na pesa huhesabiwa mbele ya watu kabla hazijaondoka msikitini. Mashahidi watatu wa Hadithi ya Qabisa walikuwemo bila ya kutajwa. Mzee wa mtaa mmoja, imamu wa pili, na msikiti mzima wa tatu.

Na gharama nazo zilikuwa za kadiri. Kenya iliondoa malipo ya wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za serikali mwaka 1965. Lakini serikali zilipobanwa na madeni, na Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Dunia zikishurutisha kupunguza matumizi, malipo yakarudishwa, Kenya mwishoni mwa mwaka 1989, na Tanzania kuanzia 1993. Wakati huo huo maradhi yakabadilika. Sukari, shinikizo la damu, figo, saratani na moyo yakawa mengi, na hayo si maradhi ya sindano moja. Watu wakaanza kusafiri mpaka India kwa upasuaji. Nguo iliyotandikwa mlangoni mwa msikiti haikutosha tena.

Hapo ndipo simu ilipoingia. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008. Mtu aliye Mombasa akaweza kuchangiwa na jamaa yake aliye Nairobi, Maskati au London pasipo kusafiri mtu. Mwaka 2011, ukame ulipopiga kaskazini mwa Kenya, ulitangazwa mchango wa taifa kwa shabaha ya shilingi milioni 500, na watu, wengi wakitoa kwa simu hizi, wakaipita shabaha hiyo. Mwaka 2012 ikaanza huko huko Kenya huduma ya M-Changa, ya kuendesha michango kwa simu. Hii ni neema, na asiyeikiri neema hakushukuru. Wako watoto wanaocheza leo vichochoroni mwetu kwa sababu mtu asiyewajua aliwatumia shilingi mia mbili.

LILIKOTANGULIA JAMBO HILI

Lakini kuchangisha matibabu kwa mtandao hakukuanzia kwetu, na mwenye busara hutazama waliomtangulia njiani.

Marekani ni nchi ya utajiri mkubwa, na gharama zake za hospitali ni kubwa pia, nao wako wengi wasiokuwa na bima ya kutosha. Kampuni ya GiveForward ilianza Chicago mwaka 2008, na GoFundMe ikaanza mwaka 2010. Mwaka 2019 mkuu wa GoFundMe alisema kwamba karibu thuluthi moja ya michango yake ni ya matibabu, ingawa kampuni haikuundwa kwa ajili hiyo.

Je, waombao hupata? Watafiti wawili wa huko, Nora Kenworthy na Mark Igra, walitazama maombi ya matibabu 437,596 yaliyowekwa GoFundMe baina ya mwaka 2016 na 2020, wakatoa matokeo yao mwaka 2022. Jumla ya pesa zilizopatikana ilizidi dola bilioni 2. Ukisikia hivyo utasema shida imekwisha. Lakini katika kila maombi 100, ni 12 tu yaliyofikia kiasi kilichotakiwa, na 16 hayakupata hata senti moja. Na sehemu zenye watu wengi wasio na bima na wenye madeni ya matibabu, ambazo ndizo zenye haja zaidi, zilipata kidogo kuliko sehemu zenye nafuu.

Zingatia, ndugu msomaji. Sisi twaona wale kumi na wawili, kwa sababu habari zao ndizo zinazosifiwa. Wale kumi na sita hatuwaoni. Nao walijifunua mbele ya ulimwengu, wakaeleza maradhi yao na umaskini wao, wakaweka picha zao, na hapana aliyewapa kitu. Wamepoteza sitara yao na dawa hawakupata. Mwenye jamaa tajiri huchangiwa na matajiri, mwenye jamaa maskini huchangiwa na maskini, na asiyejua kuandika vizuri hachangiwi. Mtandao haukuiondoa tofauti hiyo.

China nayo ina funzo lake. Mwishoni mwa mwaka 2016, katika mji wa Shenzhen, baba mmoja aliandika katika mtandao wa WeChat habari za binti yake mdogo mwenye saratani ya damu. Maneno yake yakaliza watu, na kwa siku chache zikapatikana zaidi ya yuan milioni mbili na nusu. Kisha ikajulikana kwamba baba huyo alikuwa na nyumba zaidi ya moja, na sehemu kubwa ya gharama za hospitali ililipwa na bima. Watu wakaghadhibika, pesa zikarudishwa. Lakini mtoto alikuwa mgonjwa kweli, na mwezi wa Disemba mwaka huo huo akafariki. Basi akafa katikati ya zogo la watu wakimtukana babake. Laiti wangalitangulia mashahidi watatu wakasema wazi, "Mtoto ni mgonjwa, mali ya babake ni kadha, na kilichopungua ni kadha," hapana ambaye angalidanganyika, na mtoto angaliondoka duniani kwa heshima.

Baada ya hayo na mfano wa hayo, nchi hiyo iliirekebisha sheria yake ya hisani, na tangu Septemba 2024 sheria hiyo yaagiza kwamba anayeomba awe mkweli na kwamba mtandao unaotangaza maombi uhakikishe habari zake. Naam, baada ya karne kumi na nne, wanasheria wa Peking wamefika katika jambo lile lile aliloambiwa Qabisa.

SWALI LA KIJANA

Nilipoyaeleza haya darsani, kijana mmoja aliniambia, "Sheikh, ukiweka masharti mengi mgonjwa atakufa tukingoja mashahidi. Na si imepokewa kwamba sadaka yapokewa hata ikimwangukia asiyestahiki?"

Nikamwambia, mwanangu, umesema kweli nusu. Katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, kiko kisa cha mtu aliyetoa sadaka kwa siri usiku, ikamwangukia mwizi, kisha mwanamke mzinifu, kisha tajiri, na wote aliwadhania ni wahitaji. Akabashiriwa kwamba sadaka yake imekubaliwa. Basi wewe ukitoa mali yako kwa dhana njema, thawabu yako iko kwa Mola wako, hata ukidanganywa. Mlango huo hatuufungi, na atakayefunga mkono wake kwa kisingizio cha matapeli, huyo ataka kisingizio tu.

Lakini mtu yule katika kisa alitoa chake. Hakuwaambia watu mia tano watoe chao. Kutoa ni jambo lako na Mola wako. Kuwatumia wengine ni ushahidi, na shahidi huulizwa. Na ama mashahidi watatu, hawahitaji mwezi. Simu ile ile iliyoleta picha yaweza kumpigia imamu wa mtaa wa mgonjwa, na jirani yake, na mtu aliyeziona karatasi za hospitali. Ni kazi ya baina ya alasiri na magharibi. Mimi lau ningalipiga simu moja tu, ningaliambiwa mtoto amekwisha zikwa.

YATUPASAYO

Basi nasema, na kila msikiti na ufikirie kwa kadiri ya hali yake.

Kwanza, pasitangazwe ombi la mgonjwa wa mtaa wetu ila kwa majina ya watu watatu wanaojulikana, mmoja wa msikiti, mmoja wa majirani, na mmoja mwenye kufahamu mambo ya hospitali ambaye amezisoma karatasi kwa idhini ya mgonjwa. Majina yao na nambari zao ziwe chini ya tangazo. Asiyetaka jina lake liwekwe, basi hana yakini.

Pili, pesa zisiingie katika mfuko wa mtu mmoja. Ziwekwe mahali panapofunguliwa na zaidi ya mmoja, na ikiwezekana zilipwe hospitali moja kwa moja. Hilo lamlinda hata mwaminifu, kwani shetani humwendea aliye peke yake na mali nyingi.

Tatu, kila tangazo liwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Pesa zikitimia, itangazwe kwamba zimetimia. Mgonjwa akifariki, itangazwe, na watu waifute picha yake. Maiti ana haki ya kusitiriwa, na mama yake ana haki ya kupumzika.

Nne, tuuhifadhi uso wa mgonjwa. Mwenyezi Mungu ametufundisha kwamba sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri ikimfikia fukara ni bora zaidi. Mashahidi watatu wakiwepo, picha ya nini? Watu hutaka picha kwa sababu hawana shahidi. Mtoto aliyepigwa picha mwili wake u wazi hakuulizwa, na akipona atakua aikute picha ile mikononi mwa wenzake.

Tano, hesabu isomwe. Zimeingia ngapi, zimetoka ngapi, zimebaki ngapi. Mali iliyotolewa kwa tiba ya mtu maalumu ni amana kwa jambo hilo, si ya kununulia pikipiki. Na ili kuepuka matatizo, itangazwe tangu mwanzo kwamba kitakachozidi kitapelekwa kwa mgonjwa mwingine, ili watoao watoe wakijua.

Sita, nalo ndilo kubwa, tusiridhike na kuchangiana mpaka siku ya Kiyama. Mchango ni ndoo ya kuzimia moto, na wakfu ni kisima. Yuko miongoni mwetu mwenye nyumba tatu. Akiwakifu chumba kimoja tu cha duka, kodi yake itawatibu watu naye akiwa kaburini. Wako vijana ishirini wenye kazi ambao wakishikamana, wataweza kuwalipia wazee maskini wa mtaa mchango wa bima ya afya ya serikali kabla hawajaugua, na hilo ni jepesi kuliko kutafuta mamilioni wakisha kuanguka. Na msimamizi wa mfuko huo afanye kama wakfu wa Qalawun, amtafute yule asiyeomba, ampelekee huko huko aliko.

Mimi nami nimeanza kwangu. Wote niliowatumia picha ile nimewaandikia mmoja mmoja, kwa kidole changu kimoja, nikawaambia kosa ni langu, waifute, na aliyetoa pesa kwa ajili ya neno langu aje tuzungumze. Wengine walinisamehe, mmoja alinijia juu, na haki ilikuwa yake. Kisha nikamwendea yule mama nyumbani kwake pamoja na mke wangu. Hakunilaumu. Alisema neno moja tu: "Sheikh, lau mtu mmoja angalikuja kuuliza."

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu maiti wetu, azikubali sadaka za watoao, na atuepushe na ushahidi wa tusiyoyajua. Amin.